Tajiri kwa Fedha, Maskini kwa Dhahabu

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Ramadhani, alinipigia hodi hapa Biryogo mwalimu wa madrasa ambaye pia yumo kwenye kamati ya wanawake ya msikiti wetu. Binti mzuri, ana adabu, anavaa miwani. Nilidhani amekuja kuchukua zaka yangu kama wenzake walivyofanya miaka yote. Nikamwambia akae, nikaingia chumbani kutafuta bahasha. Niliporudi nikamkuta bado amesimama, kichwa juu, anaangalia bati langu pale linapovuja.

“Bibi,” akasema, “safari hii rudisha bahasha. Tumekuandika kwenye orodha ya kupokea.”

“Kupokea nini?”

“Zaka. Mchele, sukari, mafuta na tende.”

Nikakaa mimi. Si kwamba nadharau mchele. Mchele naula, tena naula vizuri. Lakini tangu nilipoolewa nimetoa kila Ramadhani, hata ule mwaka mume wangu aliougua tukawa tunakula ugali wa muhogo mchana na jioni. Mwanamke anayetoa ana sauti yake mtaani. Akikohoa, watu wanauliza ameamkaje. Anayepokea naye anaulizwa, ila kwa sauti nyingine, ile ya kuwasemesha watoto na wagonjwa. Na huyu binti alikuwa ameshaanza kunisemesha kwa sauti hiyo.

“Nani kasema mimi ni maskini?”

“Si maskini, Bibi! Ni kwamba hujafikia kiwango. Kamati mpya imekubaliana tufuate kipimo cha dhahabu. Ambaye akiba yake haifiki thamani ya dinari ishirini za dhahabu, hatoi. Na akiwa mjane, na paa linavuja, anapokea.”

“Dinari ishirini ni kiasi gani kwa mizani ya leo?”

“Gramu themanini na tano.”

“Mwanangu, ukikusanya masikio ya wanawake wote wa uchochoro huu, ukaongeza na meno ya yule mzee wa buchani, hazifiki.”

Alicheka mpaka akavua miwani. “Ndiyo maana orodha ni ndefu, Bibi.”

“Na fedha je, ile ya kufulia bangili? Sheria si imetaja vipimo viwili? Dinari ishirini za dhahabu, au dirhamu mia mbili za fedha?”

“Imetaja, Bibi.”

“Basi mimi nipime kwa fedha. Ninayo.”

Akaandika kitu kwenye simu yake, akasema wiki haijaisha atarudi, nimwonyeshe. Akaondoka. Nikabaki na bahasha yangu mkononi kama mtu aliyekatiwa tiketi ya gari lililokwisha kwenda.

Mimi shule niliacha darasa la tatu, lakini hilo la vipimo viwili nilifundishwa na mama yangu kwa bangili. Babu, yaani baba yake mama, alikuja huku kutoka Ujiji na wafanyabiashara, enzi za Mjerumani, akilipwa rupia za fedha. Mbelgiji alipoingia na faranga zake, rupia ikakataliwa madukani. Babu hakulia. Alizitia kwenye kopo, akasema serikali zinaondoka, fedha inabaki. Kopo likamfikia mama. Nikiwa mtoto wa kupelekwa na kurudishwa, mama alinishika mkono tukaenda kwa mfua fedha, mzee mmoja aliyekuwa na karakana yake upande wa kuteremkia Nyamirambo, mwenye moshi machoni na mbuzi mlangoni. Jina lake ninalo kichwani, na la mke wake, na la yule mbuzi pia. Siandiki. Wajukuu wake wapo, na wanasoma.

“Nifulie bangili kumi,” mama akamwambia. “Ukiziweka pamoja zifike dirhamu mia mbili, na chembe juu.”

“Kwa nini usiuze, ununue dhahabu kidogo?”

“Kidogo ndiyo nini?”

Mzee akaacha kuvuta mivukuto. Alipenda sana kuzungumza, kazi ilikuwa inamkatiza tu. Akatuambia kuwa babu yake alinunua uzito mmoja wa dhahabu kwa uzito kumi na tano wa fedha, na baba wa babu yake hivyo hivyo, mpaka ikaonekana kama jambo la kuumbwa, kama vidole vya mkono. Kisha Wazungu kule kwao wakaacha kuitegemea fedha kwa sarafu zao kubwa, wakashika dhahabu peke yake. “Fedha ikawa kama mtumishi aliyefukuzwa kazi,” akasema. “Anazunguka na barua yake nzuri ya sifa, hakuna anayemtaka. Leo dhahabu moja unaombwa fedha arobaini.”

“Sheria inamjua bado,” mama akasema. “Mwenye dirhamu mia mbili ni mtoaji. Dhahabu ya kufika dinari ishirini mtoto wangu hataipata. Fua.”

Akafua. Alipomaliza, mama alinivalisha zote kumi, zikaniteremka mpaka chini kwa sababu mikono yangu ilikuwa kama vijiti, akaziokota moja moja. Aliniambia siku nitakapoolewa zitakuwa zangu, na kwamba nikiwa nazo zote sitasimama kwenye foleni ya zaka. Mimi nilisikia neno “zangu” tu.

Sasa kuna wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye yuko hai, yuko ng'ambo ya uchochoro, na ataomba asomewe haya. Tuliolewa mwaka mmoja. Siku ya tatu ya harusi yangu alikuja kuniona akiwa amevaa herini za dhahabu alizoletewa na baba yake kutoka Bujumbura, ndogo, za duara, zinacheza akicheka, na alikuwa akicheka kwa kukusudia. Mimi nikamwonyesha bangili zangu. Nikaona macho yake yamekwama, naye akaona yangu yamekwama masikioni kwake. Kesho yake tulikuwa kwa yule yule mfua fedha, sasa mzee kabisa.

Mwaka huo fedha ilikuwa imepanda tena. Akaweka bangili moja upande huu, herini upande ule, akapiga hesabu kwa vidole.

“Leo ni ishirini kwa moja,” akasema. “Gramu sitini za fedha, gramu tatu za dhahabu. Hakuna anayemwibia mwenzake. Nendeni.”

Tukaenda, kila mmoja akiamini kamwibia mwenzake. Mama aliponiona na herini alizitazama kwa muda, akasema, “Umependeza,” akaendelea kuchambua maharage. Nilifurahi. Sikuuliza kwa nini ameisema kama anayetoa pole.

Basi, tuje kwenye mwaka jana. Mjukuu wangu wa kike anaishi Kabeza, anauza vipodozi, na simu yake inajua kila kitu isipokuwa saa ya kuja kunisalimia. Nilimpigia nikasema kuna jambo la dharura. Alifika na pikipiki, anahema.

“Nyogokuru, umeanguka?” Ndivyo wajukuu wa huku wanavyomwita bibi.

“Nimeandikwa kwenye orodha ya mchele.”

Alinitazama kama aliyetaka nimrudishie nauli. Lakini alipoona nimeshafungua kopo na bangili ziko kitandani kwenye kitambaa, alikaa, akaanza kutafuta kwenye simu, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyosahau kukasirika.

“Eh! Unajua zamani sana kule Misri fedha ilikuwa inathaminiwa kuliko dhahabu? Dhahabu ilikuwepo kwao, fedha ilitoka mbali.”

“Nimezaliwa nimechelewa.”

“Na enzi za Mtume, zile dirhamu mia mbili na dinari ishirini zilikuwa thamani moja. Ukipiga kwa uzito ni dhahabu moja kwa fedha saba.”

“Saba tu?”

“Saba. Mtu akiwa tajiri kwa hii, ni tajiri kwa ile. Halafu ngoja, kuna mfalme wa Mali alipita Kairo akienda Hija, akagawa dhahabu mpaka dhahabu ikashuka bei mjini.”

“Hakupita Biryogo huyo.”

“Sasa ya leo.” Akasogeza simu karibu na macho. “Nyogokuru, leo dhahabu moja ni fedha karibu tisini.”

Nikahesabu kwa njia yangu. Saba, kumi na tano, arobaini, ishirini, tisini. Hata mke wa pili haonewi hivi. Ila nilielewa kitu kimoja: vipimo viwili vilivyoanza vikiwa ndugu pacha sasa mmoja anakaa kwenye ghorofa na mwingine anakaa kwangu. Kwa dhahabu mimi ni maskini sana. Kwa fedha mimi ni tajiri. Na mama yangu aliliona hili akiwa amekaa kwenye karakana yenye mbuzi.

Tukaenda kwa sonara, huyu wa siku hizi, mwenye mizani ya betri na feni. Akazisugua kidogo, akazitia dawa, akaondoa hesabu ya shaba iliyochanganywa kwenye rupia. Akabonyeza, akasoma, akarudia. Dirhamu mia mbili ni gramu mia tano tisini na tano. Mimi nilikuwa na mia tano arobaini na kitu.

“Pima tena,” nikasema.

“Mama, nimepima mara tatu.”

“Mizani yako imekunywa maji.”

Mjukuu wangu akazihesabu. “Nyogokuru, hizi ni tisa.”

Najua ni tisa. Nimekuwa nazo tisa zaidi ya miaka hamsini. Nimeoga nazo, nimezisugua kwa majivu, nimezificha kwenye unga wakati wa shida, tisa. Lakini kichwani mwangu zilikuwa kumi za mama, na kila Ramadhani nilitoa zaka ya bangili kumi nikijiona mwanamke wa maana. Pale pale mbele ya feni ya sonara ndipo nilipolisikia tena lile “umependeza.”

Shehe wetu ni mtu mpole. Nilimkuta uani mwa msikiti, nikamweleza. Akauliza kwanza, “Unazivaa?”

“Mkono umekonda, Shehe. Zinadondoka. Ni akiba.”

“Basi zinahesabiwa. Lakini hazijafika.”

“Na hizi?” Nikagusa herini masikioni.

“Hizo ni pambo, unazivaa. Na hata ungezivua, kwa madhehebu yetu dhahabu haichanganywi na fedha ili kutimiza kiwango.”

“Na zaka nilizotoa miaka yote hii?”

Alikuna ndevu. “Zimeandikwa sadaka. Hakuna kilichopotea.”

“Shehe, mimi sikutaka sadaka. Nilitaka zaka.”

Akageuza uso upande wa ukuta. Najua alikuwa anacheka, mabega yalimfichua. Alipogeuka akasema kwamba kama nina hamu hiyo nijipime kwa fedha, hakuna anayekataza, na wengine wa mtaani wabaki na kipimo chao cha dhahabu, asipunguziwe mtu mchele kwa sababu yangu. Ila lazima nifike. Pungufu ni pungufu.

Hapo hakukuwa na njia nyingine isipokuwa kuvuka uchochoro.

Wifi yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka anakata sambusa za kuuza. Bangili yangu ilikuwa mkononi mwake, pale pale ilipokaa tangu tukiwa wasichana, kwa sababu yeye hakukonda. Nikamweleza yote tangu mwanzo, sikuficha kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafuta mikono polepole.

“Kwa hiyo umekuja kuninyang'anya utajiri wako.”

“Nimekuja kubadilisha. Kama tulivyofanya. Bangili yangu, herini zako.”

“Wifi, mimi jina langu limo kwenye orodha ya mchele, na sijafa. Wewe una nini?”

“Nina mama.”

Akarudi kwenye sambusa zake. Wote tulimjua.

Mjukuu wangu akaona aokoe mali ya familia. “Nyogokuru, subiri. Gramu tatu za dhahabu leo ni kama gramu mia mbili sabini za fedha. Hizo ni bangili nne na nusu. Unampa nne na nusu akupe moja?”

Wifi akasimamisha kisu. “Rudia, mtoto mzuri.”

“Nne na nusu, Bibi.”

“Na nikimpa hiyo moja, yeye ndiye anakuwa tajiri?”

“Kwa fedha, ndiyo.”

“Na mimi mwenye dhahabu?”

“Utazivaa, kwa hiyo hazihesabiwi. Unabaki kwenye orodha.”

Wifi aliangua kicheko, akapiga paja, unga ukaruka. “Yaani anapoteza, anakuwa tajiri, halafu analipa kwa kuwa tajiri! Na mimi napata, nabaki maskini, naletewa mchele! Wifi, kaka yangu alikuoa ukiwa na akili timamu?”

“Kaka yako ndiye aliyezimaliza. Vua.”

Haikuvuka kifundo kwa urahisi. Tulitumia mafuta ya sambusa. Mimi herini zilitoka mara moja, nikajisikia masikio mepesi kama nimevua viatu. Alizivaa, akaomba kioo, akatikisa kichwa zicheze. Miaka themanini na zaidi, na bado anacheka kwa kukusudia.

Sonara akapima kumi: mia sita na kidogo. Ile chembe ya juu aliyoiagiza mama ilikuwepo. Nikarudi kwa shehe nimevimba.

“Imetimia,” akasema. “Hongera. Sasa hesabu mwaka.”

“Mwaka gani?”

“Mali ikifika kiwango lazima ikae mwaka mzima ikiwa imefika, ndipo zaka iwe wajibu. Umefika leo. Ikipungua katikati, unaanza upya.”

“Shehe, mimi unaniambia nisubiri mwaka? Umeniangalia vizuri?”

“Mungu akupe umri.”

“Ampe na bati.”

Kwa hiyo Ramadhani hiyo sikuwa na orodha. Mwalimu wa madrasa alikuja, akanifuta kwenye ile ya kupokea, akatafuta pa kunitia, hakupata. “Bibi, hapa simu inaniuliza wewe ni nani.” Nikampa bahasha, nikamwambia aandike sadaka, maana ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Huo mwaka ulikuwa mrefu. Mvua za masika zilikuja na bati likawa chujio. Fundi akataja bei, na bangili moja ingetosha, na kila mtu alijua ingetosha. Niliweka beseni. Baadaye beseni mbili na sufuria. Wifi akivuka uchochoro anachungulia: “Tajiri, unaogelea?” Watoto wangu walitaka kunilipia fundi, nikawaruhusu mwezi wa tisa tu, baada ya kuwaacha waone aibu kidogo, inawasaidia. Nilipata homa, nikalazwa siku tano. Wifi alikuja hospitalini na supu, akakaa kitandani, akaniambia kwa sauti kali ambayo hajawahi kuitumia kwa mume wake, “Wewe huna ruhusa. Mwaka haujafika.” Nikamwambia najua. Alinishika mkono mpaka nikalala, akidhani sioni kwamba analia.

Katikati ya hapo fedha ikaanza kupanda, kwa kasi kuliko hata dhahabu, mjukuu akawa ananipigia kila wiki kama anatangaza mpira. Wifi akapata habari. Akaja amevaa herini, ameweka mikono kiunoni.

“Umenidanganya mara ya pili.”

“Dhahabu yako nayo imepanda.”

“Ya kwako imepanda zaidi! Mtoto kasema.”

“Bado za kwako zinanunua bangili zaidi ya mbili.”

“Sitaki mbili. Nataka ile.”

Mwaka huu, wiki moja kabla ya Ramadhani, mwaka ulitimia. Mwalimu wa madrasa alikuja na miwani mipya na daftari la risiti. Fungu moja katika arobaini la bangili kumi ni robo ya bangili. Mjukuu wangu alitazama bei ya siku ile, tukalipa kwa faranga, bangili yenyewe hatukuikata. Mwalimu akaandika neno zaka kwa wino wa buluu, akanikabidhi karatasi kwa mikono miwili. Aliniuliza nimeamkaje. Sauti ilikuwa ile ninayoijua.

Wiki iliyofuata, wifi alivuka uchochoro na sahani ya mchele wa zaka mkononi, herini zinacheza, akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa.

“Wifi,” akasema, “mchele wako una mawe.”

“Mwaka ujao,” nikamwambia, “nitakutafutia wenye makubwa zaidi.” Nikavuta sahani katikati yetu, tukaanza kuuchambua.